Ndoo ya Mbege Kwenye Rejeta

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Chai. Ng'ombe nimempa majani. Mkono ukaenda wenyewe kwenye msumari kuchukua ufunguo wa pikapu. Nikaurudisha kama mwizi. Pikapu haipo, iko gereji Kiboriloni, imelazwa.

Wote wanaisimulia vibaya. Wote! Kuanzia hapa Kilema mpaka sokoni Kiboriloni hakuna hata mmoja anayeisema ilivyokuwa. Huyu anasema nilikuwa nimelewa. Uongo. Yule anasema ndoo nusu nilikunywa mimi, nusu nikainywesha pikapu, tukalewa wote wawili tukalala mtaroni. Uongo na matusi juu. Leo mama wa duka kaniuliza gari limeamkaje, au alipelekee supu ya kutoa pombe. Duka zima likacheka. Na mimi nikacheka, maana ni utani mzuri, ningeutunga mwenyewe.

Basi naandika hapa, kwenye daftari alilosahau mjukuu Krismasi, ili duniani kuwe na nakala moja ya kweli. Mimi sikusoma. Herufi nilifundishwa na katekista, na yeye mwenyewe akifika kwenye zile za mwisho alikuwa anakohoa. Lakini kichwa ninacho.

Ilivyokuwa ni hivi. Juzi Jumamosi tunapanda Old Moshi, mimi na mke wangu, Mama Kristi. Kwao ni huko. Kaka yake alikuwa anaoza binti, na shangazi wa bibi harusi haendi mikono mitupu, anakwenda na mbege yake, pombe yetu ya ndizi. Mama Kristi kaipika wiki nzima. Ndizi zake, ulezi wake, macho mekundu kwa moshi. Ndoo kubwa, nimeifunga kamba nyuma.

Mlima wa mwisho, kabla ya kona ya kanisa, mshale wa joto ukapanda ukagoma kushuka. Rejeta inalia kama birika. Dumu la maji tupu. Pale chini ya barabara unapita mfongo, ule mfereji wa mashamba, nikachungulia: mkavu. Kokoto tupu. Ilikuwa zamu ya watu wa juu, wameyafunga maji kwao. Mama Kristi ni shahidi.

Dereva mwingine angekaa alie. Mimi nikafikiri, tena haraka, kama ninavyojulikana. Mbege ni nini? Ni maji yaliyokutana na ndizi. Nikafungua ndoo nikamimina.

Na ilipanda! Kama mita mia mbili ilipanda ikinukia kama kilabu. Halafu ikafa.

Hiyo ndiyo kweli. Imeandikwa.


Jumanne, tarehe 3

Kiboriloni. Kwa fundi Rajabu. Baba yake ndiye alikuwa fundi wangu, yeye nimemwona anatambaa chini ya magari kabla hajajua kutembea juu ya ardhi. Kijana wa mjini, Mwislamu safi, mkono mwepesi.

"Shikamoo mzee wangu. Nimeshaifungua. Kaa kwanza."

Fundi akikwambia kaa kwanza, ujue.

Rejeta imejaa ulezi. Umepikwa ukaiva, umekuwa uji, umeziba vile vibomba vyote. Maji hayapiti, joto halitoki, injini ikajichoma yenyewe. Gasketi imeungua. Hedi, ule mfuniko wa chuma juu ya injini, umepinda. Rajabu akachota ule uji kwa kidole, akaunusa, akaruka kujifuta kwenye suruali. "Mzee, umenitia dhambi saa nne asubuhi."

Vyote pamoja karibu laki saba. Nikacheka. Nikacheka sana, ili asinione uso. Nikamwambia hela siyo tatizo, fundi, wewe tengeneza.

Mjinga mimi. Nyumbani sandukuni kuna laki moja na chenji.


Jumatano, tarehe 4

Ukungu. Baridi ya mlimani. Nimekaa.

Kirikuu ya Sifaeli imepita mara tatu na ndizi. Hicho kigari chake kama kiatu. Kila ikifika kwangu inapiga honi. Sifaeli alikuwa ananyonya wakati mimi nateremsha ndizi kwa gari lisilo na breki, naendesha kwa rozari. Na Jumamosi ni yeye aliyenivuta kwa kamba kutoka Old Moshi mpaka gereji. Ndiye aliyesambaza habari. Alisikia harufu njia nzima.

Mama Kristi hasemi. Tangu Jumamosi maneno yake ni mawili: "chakula" na "haya". Siku ile alimaliza mlima kwa miguu na ndoo tupu mkononi. Akaingia nayo mbele ya wifi zake wote. Mimi nilibaki na pikapu.

Jirani kanishauri nikate jani la sale nimpelekee mke wangu. Kwetu ukibeba sale umekiri kosa, na anayeletewa hawezi kukataa kusamehe. Nikamwambia sale anabeba mwenye kosa. Mimi kosa langu liko wapi? Mfongo ulikuwa mkavu.


Ijumaa, tarehe 6

Siku mbaya.

Nimekwenda sokoni kumwona Mama Zuhura. Yeye ndiye mkubwa wa wanawake wa ndizi pale Kiboriloni. Akisema ndizi zipande gari la fulani, zinapanda. Miaka kumi na mitano zimepanda langu. Hicho ndicho chakula chetu, chumvi yetu, na vidonge vya presha vya Mama Kristi. Shamba la kahawa limebaki la kuonyesha wageni.

Alinikaribisha kwa heshima. Kaniwekea kigoda. Halafu akasema wananisubiri mpaka soko la Jumanne tarehe kumi na saba. Siku hiyo pikapu isipokuwepo, kazi anapewa Sifaeli moja kwa moja.

"Baba Kristi, mimi nakuheshimu. Lakini ndizi hazina heshima, zinaiva tu."

Akaniuliza kama wanichangie kidogo, au wanilipe safari za mwezi mzima kabla, nitakuwa nakata nikiendesha. Mwanamke mwema. Na mimi mdomo ukafunguka wenyewe: "Mimi? Mimi sidaiwi hata na Mungu!" Wanawake wote wakapiga makofi. Mama Zuhura akasema haya, mwenye nguvu mpishe.

Nilitaka niumeze ulimi. Lakini hela ya safari ambayo sijaiendesha si ni deni tu lililovaa kanga? Na gari lisipopona? Nitazibeba ndizi zao kichwani?

Nimerudi na njaa. Hela ya chai nilikuwa nayo. Sikuinywa.


Jumapili, tarehe 8

Misa. Padri kataja neno divai tu, benchi la nyuma likaguna na kunitazama.

Nje ya kanisa Sifaeli. Shati jeupe, ufunguo unaning'inia kidoleni. "Shikamoo mzee. Ukikwama tena uniite. Mimi yangu inakunywa maji tu, haina gharama."

Watu wamesimama wanangoja nijibu. Mimi huwa sikosi jibu. Nikasema: "Marahaba mwanangu. Mimi nangoja spea yangu kutoka Japani. Wameniandikia barua, wanaomba radhi kwa kuchelewa." Wakacheka mpaka mzee wa kanisa akashika ukuta.

Tatizo ni kwamba wengine wameamini. Mchana wamekuja wawili kuuliza hiyo meli inafika lini.

Mama Kristi alisikia yote. Alitangulia nyumbani.


Jumatatu, tarehe 9

Herufi zinaniponyoka kwa hasira. Sijali.

Nimetoka shambani nakuta pikipiki uani. Kijana wa mikopo. Hii mikopo watu wanaiita kausha damu, na jina hawakulikosea. Anamzunguka ng'ombe wangu, anamfunua mdomo, anahesabu meno. Mama Kristi kasimama na karatasi mkononi. Ndiye aliyemwita. Simu aliomba kwa jirani.

Nikaomba kusomewa. Mwezi mmoja, unarudisha hela na karibu nusu yake juu. Ukichelewa siku, faini. Ukichelewa wiki, ng'ombe. Ng'ombe akiwa hatoshi, vya ndani. Nawajua hawa. Mjane wa kule chini alikopa kwa ajili ya msiba wa mumewe. Walikuja wakabeba godoro, na yeye mjane kalishikilia.

Kijana ananiambia, "Babu, weka dole gumba tu hapa." Nikamwambia dole gumba langu nalitumia kula. Nikamwambia huyu ng'ombe anakunya mara nyingi kuliko wewe unavyosali, ondoka kabla hajaanza. Akaondoka. Karatasi kaiacha, eti tufikirie.

Nilimgeukia Mama Kristi nimevimba. Nimeandaa maneno. Akanitangulia. Siku tisa hajaniambia kitu, leo akaniambia:

"Basi wewe una nini, Baba Kristi? Hiyo Japani yako inafika lini?"

Sauti ya chini tu. Akaingia jikoni.

Nikaenda kumkatia ng'ombe majani, ingawa alikuwa nayo.


Jumanne, tarehe 10

Nimeuza kaburi langu.

Nilieleze vizuri. Nyuma ya nyumba, chini ya turubai, kulikuwa na vigae. Vyeupe, vina ua la bluu. Kila Krismasi nilikuwa nanunua boksi moja, hata mwaka wa njaa. Kaburi la baba yangu ni udongo na msalaba wa mti, na kila mgeni anauliza yuko wapi. Nikaapa mimi nitalala hapa kihambani, katikati ya migomba yangu, na kaburi linang'aa hata rubani alione. Nimelisifia miaka. Watu wanaletwa kuviona. Maboksi tisa. Nilibakiza mawili nikamilike, halafu nife ninapotaka.

Asubuhi nikafunua turubai. Nikavifuta vumbi kimoja kimoja. Nikafunika. Nikafunua tena.

Nilizunguka kuuliza nani anajenga. Anayejenga ni mmoja tu. Sifaeli. Anatengeneza choo cha ndani.

Alikuja na kirikuu yake. Nilitegemea kejeli, nikawa nimejiandaa. Hakukejeli. Alisimama mbele ya maboksi, kofia mkononi kama yuko msibani. "Mzee, una uhakika? Hivi si ndivyo vya...?"

"Chukua," nikamwambia. "Kufa nimeahirisha. Malaika akija akikuta hakuna vigae atajua kapotea njia."

Kanilipa bei ya dukani, hakupunguza. Afadhali angepunguza nipate kumchukia.

Mama Kristi alikuwa anatazama toka mlangoni. Maboksi yalipoisha akaja akakunja turubai. Aliikunja vizuri, pembe kwa pembe.

Vile nilivyovifuta vumbi miaka yote Sifaeli atakuwa anavikanyaga akienda haja. Nacheka naandika. Siyo kicheko.


Jumatano, tarehe 11

Ile karatasi ya kausha damu nimeifungia tumbaku. Inaungua vizuri.


Alhamisi, tarehe 12

Kwa Rajabu tena. Nimeweka hela ya kaburi na ya sanduku mezani. Haifiki.

Njiani nilikuwa nimefikiri. Nikamwambia, fundi, usinitajie vyote kwa mkupuo kama unasoma hukumu. Nitenganishie. Kipi kisipotengenezwa gari halitoki hapa, na kipi kinaweza kungoja? Akakuna kichwa. Klachi itasukuma miezi miwili mitatu. Tairi la nyuma nalo. Taa moja inatosha, ndizi zinateremka mchana. Hedi ipelekwe ikanyooshwe, gasketi mpya, hapo hamna mjadala. Rejeta mpya hapana, tutafute iliyotumika.

Tutafute! Nimeitafuta mimi, kwa miguu hii. Mji wote wa Moshi, kila uwanja wanaokata magari mabovu. Saa tisa nimeipata moja, imetoka kwenye pikapu ndugu ya yangu iliyogongwa ubavuni. Nikaijaza maji nikaikalia chini kuingoja kama naangua yai. Haikuvuja hata tone. Nikalipa.

Imebaki hela ya ufundi. Hiyo sina kabisa.

Rajabu alikuwa ametoka kuswali alasiri, anafunga tena mikono ya ovaroli. Nikamwambia: "Fundi, sina." Neno hilo sikumbuki kulitoa mdomoni tangu nibatizwe. Lilitoka na mfupa.

Akageuka akatundika spana ukutani. Nikajua tumefika mwisho. Halafu akasema: "Mzee, unaweza kuosha vyuma?"

Nikasema naweza kuosha hata treni.

"Basi njoo kesho mpaka Jumatatu. Yule anayeniosheaga kaenda kwao, na siku hizi kazi ni nyingi. Na kitu kingine. Watu wanakuja hapa kuuliza ile ya mbege. Juzi mmoja kakaa saa nzima anakungoja, mwisho kaona aibu akabadilisha oili. Wewe osha na uwe unasimulia."

Kwa hiyo hilo ndilo deni langu na nalilipa kwa siku. Mimi mzee wa miaka sabini na mitatu, mwosha bolti.


Ijumaa, tarehe 13

Mafuta ya taa yameingia kwenye kucha. Mgongo. Nimeisimulia mara saba.

Inakua hiyo hadithi. Saa tatu asubuhi mfongo ulikuwa mkavu tu. Saa nane ulikuwa umepasuka nyufa. Jioni kulikuwa na chura amekufa kwa kiu, kakunja mikono kifuani. Watu wanalia machozi. Mmoja kaleta gari la mkewe kubadilishwa plagi ili arudi kesho.

Rajabu anafurahi. Mimi nacheka nao. Nikibaki na bolti peke yangu sicheki.


Jumamosi, tarehe 14

Bora nisingeandika ya leo. Naandika.

Mchana, gereji imejaa. Nimefika kwa chura. Dereva mmoja wa lori la mchanga akainua mkono kama yuko darasani. Mtu wa Old Moshi.

"Shikamoo mzee. Samahani. Mfongo upi huo? Wa kona ya kanisa?"

"Huo huo."

"Haukauki ule, mzee. Masika imeisha juzi juzi hapa! Wiki ile ya harusi mimi nimeoshea lori pale."

Kompresa ilikuwa imezimwa, wote wamesikia. Nikasema ilikuwa zamu ya watu wa juu. Akasema zamu yao ni Jumatatu, yeye shamba lake liko pale pale. Vichwa vyote vikanigeukia. Halafu vikageukia mlangoni.

Mama Kristi alikuwa amesimama pale na hotpoti. Kaniletea mtori wa ndizi. Katoka Kilema na mtori wa moto, baada ya wiki mbili za "chakula" na "haya". Sijui alisikia kuanzia wapi.

Mmoja akamrukia: "Mama shikamoo! Wewe si ulikuwepo? Eti ulikuwa mkavu?"

Aliweka hotpoti juu ya tairi. Akafuta mikono kwenye kanga. Akanitazama mimi, siyo wao.

"Baba Kristi akisema ulikuwa mkavu, ulikuwa mkavu."

Wakapiga kelele, wakapiga makofi, wakamwambia yule wa lori, umeona! Umepigwa na shahidi! Yule naye akacheka akaomba radhi. Mama Kristi alikuwa ameshaondoka.

Mtori ulikuwa mtamu, ninajua, maana ni wake. Nimempa Rajabu.


Jumapili, tarehe 15

Sikwenda kanisani. Nimesema ni goti.


Jumatatu, tarehe 16

Imewaka!

Saa kumi kasoro. Rajabu kasali, kafunga bolti ya mwisho, kanipa ufunguo mwenyewe. Mara ya kwanza ikakohoa. Ya pili ikakohoa. Ya tatu ikaunguruma kama simba aliyekanyagwa. Mshale wa joto nimeutazama nusu saa. Umekaa katikati, mtoto mwenye adabu.

Nimemwuliza Rajabu, tumemalizana? Akasema tumemalizana mzee wangu, hunidai sikudai. Nikamwomba aseme tena kwa sauti, mtaa usikie. Akasema tena.

Ile rejeta ya zamani kaitundika ukutani, na uji wake ndani. Eti ndiyo tangazo la gereji.

Nimepanda Kilema polepole. Ng'ombe yupo. Godoro lipo. Kidole gumba hakina wino.

Sifurahi nilivyotegemea.


Jumanne, tarehe 17

Soko. Saa kumi na mbili nilikuwa wa kwanza barabarani, honi mkono haujaondoka. Mikungu imejaa mpaka juu, pikapu imeinama nyuma kama kuku anayetaga. Mama Zuhura kaizunguka, kapiga teke tairi. "Umelipaje, Baba Kristi?" Nikasema nimeuza nyumba yangu ya baadaye. Hakuelewa, akacheka.

Sifaeli kanipungia. "Japani wameleta?"

"Wameleta. Wamekusalimia. Wanauliza choo kimekwishaje."

Kaniambia vigae vimebaki vichache, sita hivi, ataniletea. Nikamwambia aweke. Atakapokufa yeye tutagawana.

Hela ya leo imeenda kwenye ulezi. Debe zima. Nimeliweka jikoni mbele ya Mama Kristi. Nimemwambia ndizi nitakata mwenyewe. Kalitazama debe. Kanitazama. "Haya."

Lakini haya ya leo ilikuwa ndefu kidogo.


Jumamosi, tarehe 28

Asubuhi. Ukungu umetoka mapema. Mlima umeonekana wote, na theluji yake kidogo.

Nimekata jani la sale mpakani mwa kihamba. Nimeliweka kwenye kigoda chake jikoni, nikatoka haraka kwenda kumkagua ng'ombe ambaye hana shida yoyote. Niliporudi kigoda kilikuwa kitupu. Jani nimelikuta ndani ya pikapu. Kalifunga kwenye kioo cha katikati.

Tukaenda Old Moshi. Mbege mpya nyuma, ndoo ile ile, kamba ile ile. Harusi ilishapita lakini shangazi anaweza kuchelewa.

Kwenye kona ya kanisa nikasimama. Mshale uko katikati, injini haina neno. Mama Kristi hakuuliza kwa nini. Nikachukua dumu, nikateremka ule ukingo kwa makalio, maana magoti yangu hayashuki tena wima. Suruali ya Jumapili. Matope. Hatua kama ishirini tu. Nikachota, nikapanda kwa mikono na magoti, nikaliweka dumu miguuni pake.

Kalitazama. Kitu kikamcheza mdomoni. "Leo umeweza," akasema.

Kwa kaka yake tulikaa mpaka jioni. Wifi zake walikunywa, wakasema mbege ya shangazi ilistahili kungojwa. Wakaniomba nisimulie. Nikasema leo hapana, nimechoka. Wakaniuliza kama naumwa.

Nimerudi, nimesoma daftari hili lote tangu mwanzo. Nilisema kuwe na nakala moja ya kweli. Siku ile Sifaeli alikuwa nyuma yetu na kirikuu imejaa watu wa harusi, wote wananitazama, na njia nzima nilikuwa nimewatambia kwamba pikapu yangu hata mbege inakunywa. Mama Kristi aliniambia, teremka uchote. Mara mbili aliniambia. Mimi sikutaka kuonekana mzee ninashuka kwa makalio.

Mengine yote niliyoandika ni kweli. Chura niliwatungia wa gereji, huyo hanihusu hapa.

Ila mfongo ulikuwa na maji. Tele. Tulikuwa tunayasikia.